Sigara ya umeme: historia ya moshi uliobadilisha nguo

Ni kijiti kidogo cha rangi, kirefu kama kalamu au kifupi kama kifaa cha kuhifadhia nyimbo cha kompyuta. Kina harufu ya embe, fraise au bonboni. Mtu akivuta, taa ndogo inawaka na wingu jeupe linatoka mdomoni, kisha linapotea haraka. Anayekiuza husema maneno yale yale: hii si sigara, haina moshi, ni mvuke wa maji tu.

Ni sigara ya umeme. Katika miji mikubwa ya Afrika inajulikana, na njia inayoleta simu, redio na batri mpaka Goma ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuifikisha Sake, Masisi-centre na Walikale. Kwa familia zilizohama mara mbili, mara tatu, zenye vijana wasio na shule wala shamba, ni vizuri kujua kitu hiki kilitoka wapi na ndani yake kuna nini. Sentensi ya "hii haina hatari" si mpya. Historia ya tumbako inaonyesha kwamba imesemwa mara kadhaa, na kila mara waliolipa ni wavutaji.

Kutoka kiko cha wazee hadi pakiti

Tumbako si mmea wa asili wa Afrika. Wazungu waliuona Amerika mwaka 1492, na baadaye meli za Wareno na wengine zikauleta kwenye pwani za Afrika. Kutoka pwani mbegu zilitembea kwa biashara, sokoni hadi sokoni, mpaka zikafika milima ya Kivu. Hapo mmea ulizoea udongo. Wazee wa kiume na wa kike walipanda mashina machache karibu na nyumba, wakakausha majani, wakayavuta kwa kiko au wakayasaga kuwa ugoro wa puani. Wanaosema Kinyarwanda wanauita itabi.

Mwaka 1560 balozi wa Ufaransa huko Ureno, Jean Nicot, alipeleka tumbako kwenye jumba la mfalme wa Ufaransa akiisifu kuwa dawa. Jina lake ndilo lilizaa neno nikotini. Mwaka 1828 Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, waliitenga nikotini kutoka kwenye majani. Ndipo ilipojulikana kwamba ni sumu kali. Mmea huitengeneza ili kujikinga na wadudu wanaokula majani yake, na kwa miaka mingi wakulima wa nchi nyingi waliitumia kama dawa ya kuua wadudu mashambani. Wazee wa Masisi hawatashangaa. Wanakumbuka pareto, ua lililolimwa kwenye nyanda za juu za Kivu tangu wakati wa Wabelgiji, ambalo nalo thamani yake ni kuua wadudu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeweka pareto katika pakiti nzuri na kuiuza ili ivutwe.

Kiko kilikuwa na mipaka yake. Kilijazwa pole pole, kikavutwa jioni. Mwaka 1880 kijana Mmarekani, James Bonsack, aliunda mashine ya kusokota sigara iliyoweza kutoa kama 120,000 kwa siku moja. Sigara ikawa rahisi. Vita mbili kuu za dunia ziliitia katika mifuko ya askari, na askari wakarudi nayo nyumbani.

Tangu hapo, sigara imefuata mahali penye vita, baridi na pesa za haraka. Wanaokumbuka Bisie ya miaka ya 2000, huko Walikale, wanajua jinsi kila kitu kilivyobebwa mgongoni kwa mwendo mrefu msituni, na jinsi bei ilivyopanda kila hatua. Maelfu ya wachimbaji waliishi pale wakitafuta kasiterite, ndege ndogo zikitua barabarani karibu na Walikale kubeba magunia kuelekea Goma. Kwenye barieri, pesa iliyoombwa iliitwa mara nyingi pesa ya sigara. Katika maisha ya namna hiyo sigara inauzwa moja moja. Nikotini hupunguza njaa kidogo na kuituliza hofu kwa dakika chache, na ndiyo sababu inamshika kwa urahisi mtu mwenye njaa na hofu. Dakika zikipita, njaa iko palepale, na mwili unadai sigara nyingine.

Ahadi tatu za zamani

Mwaka 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi uliolinganisha wagonjwa wa kansa ya mapafu na wagonjwa wengine katika hospitali za London. Waliona kwamba kansa hiyo inafuatana na sigara. Tarehe 11 Januari 1964 mganga mkuu wa Marekani, Luther Terry, alitangaza ripoti iliyosema waziwazi kwamba sigara inasababisha kansa ya mapafu kwa wanaume.

Makampuni hayakufunga milango. Yalileta ahadi.

Ahadi ya kwanza ilikuwa kichujio. Wavutaji waliambiwa kwamba kipande kile cha mwisho wa sigara kinazuia uchafu. Kampuni iliyotengeneza sigara za Kent ilijisifu kwa kichujio chake cha pekee, na kati ya 1952 na 1956 kichujio hicho kilikuwa na asbesto, ambayo yenyewe inaleta kansa. Watu walivuta asbesto wakiamini wanajilinda.

Ahadi ya pili ilikuwa sigara nyepesi. Vitobo vidogo vilitobolewa kwenye kichujio ili mashine za kupimia zionyeshe lami kidogo. Lakini binadamu si mashine. Vidole na midomo vilifunika vitobo, na mvutaji alivuta kwa nguvu zaidi mpaka apate nikotini aliyoizoea.

Ahadi ya tatu ilitolewa kwa kiapo. Tarehe 14 Aprili 1994 wakubwa 7 wa makampuni ya tumbako walisimama mbele ya kamati ya bunge la Marekani, mikono juu, wakasema hawaamini kwamba nikotini inamfanya mtu kuwa mtumwa wake. Mwaka 2006 jaji Gladys Kessler wa Washington aliamua kwamba makampuni hayo yalikuwa yamedanganya wananchi kwa miongo mingi, pamoja na kuhusu sigara nyepesi.

Kwa hiyo, kijiti cha umeme kilipofika na ahadi ya nne, watu wa afya hawakuanza kwa kupiga makofi. Waliuliza: ndani kuna nini?

Mfamasia wa China

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Herbert Gilbert, aliomba hati ya uvumbuzi wa sigara isiyo na moshi wala tumbako. Wakati huo kila mtu alikuwa akivuta sigara ya kawaida, na chombo chake hakikupata soko.

Aliyefaulu ni Hon Lik, mfamasia wa China. Alikuwa mvutaji mkubwa, na baba yake alikufa kwa kansa ya mapafu. Alitafuta njia ya kupata nikotini bila kuchoma majani. Mwaka 2003 aliandikisha uvumbuzi wake, na mwaka 2004 sigara yake ya umeme ilianza kuuzwa China. Ilipofika 2006 na 2007 ilikuwa imeingia Ulaya na Marekani.

Ni haki kusema kwamba Hon Lik alifikiria wavutaji wazima waliotaka kuacha. Lakini chombo hakikubaki mikononi mwake. Makampuni makubwa ya tumbako yaliona wateja wanakimbia, yakaanza kununua. Mwaka 2015 ilitoka Juul, ndogo, nzuri, rahisi kufichwa mfukoni au kwenye kiganja. Ilitumia nikotini ya aina ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo sana, na hivyo mtu asiyezoea anaweza kuvuta kiasi kikubwa bila kukohoa. Desemba 2018 Altria, kampuni inayomiliki Marlboro huko Marekani, ililipa dola bilioni 12.8 ili kupata asilimia 35 ya Juul. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya wanafunzi wa shule za sekondari walikuwa wametumia sigara ya umeme katika siku 30 zilizopita. Wengi wa watoto hao hawakuwa wavutaji waliotafuta kuacha. Walianzia hapo.

Kilicho ndani ya kijiti

Ukiifungua sigara ya umeme utakuta vitu vinne: batri, waya unaopata moto, pamba, na kimiminika. Mtu akivuta, batri inatuma umeme kwenye waya, waya unachemka, kimiminika kilicho kwenye pamba kinageuka wingu, na wingu linaingia mapafuni.

Kimiminika hicho si maji. Sehemu kubwa ni gliserini ya mimea na propilini glaikoli, vimiminika vitamu kidogo vinavyotumika pia katika vyakula, dawa na vipodozi. Ndivyo vinavyotoa wingu. Pamoja navyo kuna nikotini na viungo vya ladha.

Wauzaji husema viungo hivyo vinaliwa, basi ni salama. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Tumbo na mapafu si mlango mmoja. Chumvi na pilipili ni chakula, lakini hakuna mama anayempulizia mtoto pilipili puani. Mfano unaojulikana ni diasetili, kiungo kinachotoa ladha ya siagi. Kwenye chakula hakikuleta shida. Mwaka 2000, huko Missouri, Marekani, iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waliokuwa wakivuta mvuke wake kazini walipata ugonjwa mbaya unaoziba njia ndogo za hewa, na mapafu yao hayakurudi kuwa kama zamani. Wachunguzi wamekikuta kiungo hicho katika baadhi ya vimiminika vya sigara za umeme.

Halafu kuna vitu ambavyo havikutiwa na mtu, bali vinazaliwa na moto. Kimiminika kikichemka sana hutoa fomaldehaidi, ambayo inaleta kansa, na akrolini, inayochoma njia za hewa. Waya nao unaachia chembechembe za metali kama nikeli, kromu na risasi. Ndiyo maana madaktari hawaliiti wingu lile mvuke wa maji.

Linachofanya mwilini

Nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Inaongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ubongo wa kijana unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na katika kipindi hicho nikotini inaweza kuharibu uwezo wa kutuliza akili na kujifunza, na inamfunga haraka kuliko mtu mzima. Mama mwenye mimba anayevuta nikotini, kwa sigara au kwa kijiti, anampa mtoto aliye tumboni sumu hiyo hiyo.

Mwaka 2019 Marekani ilipata onyo kubwa. Vijana wenye afya walifika hospitalini wakishindwa kupumua. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, kati yao vifo 68. Uchunguzi ulionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vimiminika vya bangi, vingi vikiwa vimenunuliwa kwa njia za magendo. Si kila kijiti kilikuwa na mafuta hayo. Lakini somo linagusa moja kwa moja nchi ambayo bidhaa zinapita mipakani bila kupimwa: anayenunua hajui nani alichanganya nini.

Ukweli una upande wa pili pia, na haufai kufichwa. Sigara ya kawaida inachoma majani, na moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, karibu 70 kati yake zikijulikana kuleta kansa. Sigara ya umeme haichomi majani, haitoi lami wala ule moshi wa kaboni. Kwa hiyo madaktari wa Uingereza wanasema mvutaji wa miaka mingi anayeacha kabisa sigara na kuhamia kwenye kijiti anapunguza hatari. Shirika la Afya Duniani lina tahadhari zaidi, na Desemba 2023 liliomba serikali zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto na kuzuia ladha tamu.

Kauli hizo mbili hazipingani. Kwa mzee aliyevuta pakiti moja kila siku kwa miaka 30, kijiti kinaweza kuwa ngazi ya kushuka. Kwa msichana wa miaka 14 ambaye hajawahi kuvuta, ni ngazi ya kupanda. Na hakuna aliyekitumia kwa miaka 50 ili madaktari waone mwisho wake. Sigara ya kawaida nayo ilihitaji miongo mingi kabla ya kansa kujitokeza.

Kipande cha Walikale ndani ya kijiti

Kuna jambo lingine linalowahusu watu wa Walikale na Masisi kuliko wengi. Kijiti hicho kina kibao kidogo cha umeme, na vipande vya kibao hicho vinashikanishwa kwa bati. Bati linatoka kwenye kasiterite. Mgodi wa Bisie, ambao sasa unaendeshwa kwa mashine na kampuni ya Alphamin, ulitoa mwaka 2024 zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati lote la dunia. Machi 2025, M23 walipoelekea Walikale-centre, kazi ya mgodi ilisimama na bei ya bati ikapanda katika masoko ya dunia. Batri nazo mara nyingi zina kobalti, na Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kutoka upande wa Kolwezi na Likasi. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inaelekea zaidi kwenye simu na kompyuta, lakini safari ni ile ile: jiwe linatoka, chombo kinarudi.

Huko Uingereza, shirika la Material Focus lilikadiria mwaka 2023 kwamba vijiti vya kutumia mara moja karibu milioni 5 vilikuwa vikitupwa kila wiki, batri na yote. Tarehe 1 Juni 2025 nchi hiyo ilipiga marufuku uuzaji wa vijiti vya aina hiyo. Jiwe ambalo watu wamelipigania, wakalichimba kwa mikono na kulibeba mgongoni, linaweza kuishia kwenye kitu kinachovutwa siku chache na kutupwa jalalani.

Sheria na mipaka

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya kuzuia tumbako mwaka 2005, na sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ina vipengele vya kupambana na tumbako. Jirani Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za umeme, na inakataza kumuuzia tumbako mtu wa chini ya miaka 21. Kampuni ya British American Tobacco Uganda ilikwenda mahakamani kuipinga, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi hiyo. Rwanda ilipiga marufuku shisha Desemba 2017.

Bidhaa iliyofungiwa mlango mmoja hutafuta mlango mwingine, na mahali penye vita hapana mkaguzi wa kutosha. Hapo ulinzi wa kwanza unabaki mikononi mwa familia, walimu, viongozi wa dini na wauguzi.

Mambo machache yanaweza kufanyika hata chini ya hema. Kimiminika cha sigara ya umeme kisiachwe pale mtoto mdogo anapofikia. Harufu yake ni ya bonboni, na kiasi kidogo kikimezwa kinaweza kumuua. Mtoto anayetapika ghafla, kutokwa jasho na kutetemeka baada ya kukigusa apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe ili muuguzi aione. Kikimwagika kwenye ngozi, kioshwe kwa maji na sabuni. Batri yake inaweza kulipuka ikipigwa, ikilowa au ikichajiwa na chaja isiyo yake, na katika kambi ya maturubai cheche moja inatosha kuunguza nyumba za watu kumi. Isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala isitupwe motoni.

Mtu mwenye kifua kikuu, au anayekohoa zaidi ya wiki mbili, hasa mchimbaji aliyekwisha kuvuta vumbi la mashimo, aache aina zote za uvutaji na apimwe. Tumbako inaongeza hatari ya kupata kifua kikuu na ya kufa nacho.

Na mzazi anayekikuta kijiti katika mfuko wa mtoto wake asianze na fimbo. Kijana aliyepoteza shamba, shule na marafiki katika mwaka mmoja hutafuta kitu cha kumtuliza, na nikotini inajua kumngojea. Akae naye, amuulize alikipata wapi na alianza lini. Kisha amweleze, kwa maneno ya nyumbani, kile ambacho muuzaji hakumwambia.